Katuni ya kuangalia na mama mkwe, na riwaya ya kukuchekesha kwenye daladala

SWALI: Anti shikamoo. Naomba unisaidie maana Jumamosi usiku kwangu imekuwa mtihani. Tuko mimi, baba watoto, wanangu watatu (mkubwa ana 13, mdogo 5) na mama mkwe aliyekuja toka Pangani na sioni dalili ya kurudi hehe. Tukiweka katuni baba anakoroma, mkubwa anashika simu eti mambo ya kitoto, mama mkwe kila sentensi "huyo kasema nini". Tukiweka tamthilia za Kituruki wadogo wanalia. Nitajie katuni moja tu ambayo wote watakaa. Alafu na mimi nipe riwaya ya kuchekesha, ya Kiingereza sawa tu, nasoma nikiwa kwenye daladala. – Mama wa Watatu, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na mama mkwe mpe salamu zangu, mwache akae.

Mimi katuni yangu ni Kirikou, Wafaransa wanaiita Kirikou et la Sorcière, ya mwaka 1998, katengeneza Michel Ocelot, Mfaransa ambaye utoto wake aliupitia Guinea, na muziki ni wa Youssou N'Dour wa Senegal. Kijiji cha Afrika Magharibi, kuna mchawi anaitwa Karaba, chemchemi imekauka, dhahabu za kina mama kachukua, na wanaume inasemekana kawala wote. Sasa ona inavyoanza: mtoto anaongea akiwa tumboni, anamwambia mama yake nizae. Mama wala hashtuki, anamjibu mtoto anayeongea tumboni basi ajizae mwenyewe. Anatoka, kitovu anakata mwenyewe, anaomba kuogeshwa, anaambiwa aliyejizaa ajiogeshe, na maji asiyachezee maana hayapo. Hata hajakauka vizuri kashaanza maswali, baba yuko wapi, kaliwa na Karaba, na ndugu zake baba je, wameliwa, na wajomba, wameliwa nao kasoro mmoja yule mdogo wao ambaye saivi yuko njiani anaenda kupigana na mchawi. Dogo anasema haya, naenda kumsaidia. Na anaenda kweli, uchi vilevile, anajificha ndani ya kofia ya mjomba na Karaba anaamini kofia ndo ina nguvu.

Wadogo zako watacheka kwa hizo mbio zake tu. Ila mkubwa wako na baba yake watakaa kwa sababu ya lile swali lake moja analowauliza wakubwa wote na wote wanalikwepa: kwa nini Karaba ni mbaya? Jibu anakwenda kulifuata kwa babu yake mlimani, sikwambii, lakini nakuhakikishia sio "kwa sababu ni mchawi". Mambo ya kusema mchawi ni mchawi tu, yachomwe moto yaishe, hii muvi haina, na kwetu huku ambako bibi mwenye macho mekundu anaweza kupata shida, naona ni kitu cha kuangalia na watoto bila kuhubiri.

Mambo mawili ya kukutahadharisha. Kwanza kina mama wa kile kijiji wanatembea kifua wazi na Kirikou hana nguo karibu muda wote. Kuna watu wa nje walitaka wale wanawake wavalishwe, Ocelot akakataa, na mimi namuunga mkono maana hakuna chochote cha aibu pale, watu wanatwanga na kuchota maji. Lakini mama mkwe unamjua wewe, sio mimi, kwahiyo angalia kidogo peke yako kwanza usije ukanitaja. Pili ni lugha, ya asili ni Kifaransa na Kiingereza ipo. Hapo ndo dawa ya yule wa 13: mnyang'anye simu umpe kazi ya kutafsiri kwa sauti kama wale wa vibanda umiza, na vichekesho vyake mwenyewe aongeze, uone kama bibi atauliza tena. Haifiki hata saa moja na nusu, kulala mapema.

Riwaya sasa. Three Men in a Boat ya Jerome K. Jerome, Mwingereza, imetoka 1889 na bado inavunja mbavu. Vijana watatu na mbwa wao Montmorency wanapanda mtumbwi mto Thames, toka Kingston kwenda Oxford, basi, hamna kingine, hawauawi wala hawaoi. Mnanasi wa kopo wanao, cha kufungulia wamesahau, wanalipiga lile kopo mpaka wanakaribia kutoana macho. Ila utamu wenyewe ni hadithi za pembeni. Kuna ya Anko Podger anayetundika picha ukutani. Anasema niachieni mimi msihangaike, alafu nyumba nzima inahangaika, binti katumwa misumari, kijana kamfuata nyuma kumwambia saizi, huyu ashike taa, yule alete ngazi, mwingine aende kwa jirani. Picha inamponyoka, kioo kinamkata, anatafuta leso, leso iko kwenye koti, koti halionekani, watu sita wanalisaka na kumbe kalikalia. Baadaye anadondokea juu ya piano, noti zote zinalia pamoja. Mke wake anasema kwa upole siku nyingine ukitaka kupigilia msumari uniambie mapema, niende kwa mama wiki nzima.

Nani hana Anko Podger kwao? Baba watoto wako asiione hiyo sura, au aione, shauri yako. Hakimiliki ilishaisha kitambo kwahiyo unaipata bure mtandaoni kihalali, pakua nyumbani usimalize bando barabarani. Kuna sehemu anasifia mandhari ya mto kurasa na kurasa, ruka tu, hakuna atakayekuuliza.

SWALI: Anti na sisi tunaotaka Kiswahili je? Za shule nakumbuka machozi tu. – Kijana wa Mbeya

JIBU: Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kitabu cha 1960. Jina linatisha na maiti ipo kweli, lakini mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum, wakianza kuongea utacheka mwenyewe, Kiswahili kile cha watu wa visiwani cha kukusema huku wanakupa kahawa. Ukiimaliza tafuta Kisima cha Giningi. Kwa wauza vitabu vya zamani jalada likiwa limechanika we nunua tu, ila hakikisha kwanza kurasa za mwisho zipo, maana hizo ni riwaya za upelelezi.