Herufi zisizotamkwa ndizo zilizonifundisha Kiingereza

Kidato cha kwanza kilinikuta na Kiingereza cha salamu tu. Miaka saba ya shule ya msingi tulisoma kila kitu kwa Kiswahili, kisha Januari moja bailojia, jiografia na hesabu vyote vikageuka Kiingereza. Nikaamua kuikariri kamusi kuanzia A. Nilifika kwenye "abbot", yaani mkuu wa watawa wa kiume, nikakata tamaa. Mpaka leo sijapata pa kulitumia neno hilo.

Kilichoniumiza zaidi ni imla. Mwalimu anasema "naifu", naandika "nife". Anasema "risti", naandika "rist". Nilipata 3 kati ya 20, na daftari likasomwa mbele ya darasa.

Likizo nilikuwa nikishinda gereji ya mjomba, kazi yangu kumpasia spana. Siku moja kikaja kisanduku kipya kimeandikwa "wrench set". Nikamuuliza hiyo w mbele inafanya nini, mbona haisomwi.

"Sasa mjomba, hiyo muulize aliyeiandika," akanijibu. "We niambie chombo chenyewe kinafanya nini."

"Kinazungusha nati."

"Basi, umeshajua."

Nilirudi kwenye kamusi ile ile, safari hii moja kwa moja hadi pale maneno yanapoanza na wr. "Wring" ni kukamua nguo kwa kuisokota. "Wrist" ni kifundo cha mkono, pale kiganja kinapogeukia. "Wrestle" ni kupigana mieleka. "Wriggle" ni kujinyonganyonga kama mnyoo, na "writhe" ni kujipinda kwa maumivu. "Wreath" ni shada la maua lililosokotwa duara. "Wrinkle" ni kunyanzi. "Wrench" yenyewe, mbali na spana, ni kutegua kiungo. Ukurasa mzima unapinda na kusokota!

Lililonishangaza kuliko yote ni "wrong". Nilidhani hilo ni neno la alama ya mkasi nyekundu daftarini tu, kumbe asili yake, kutoka lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, ni kitu kilichopinda. Sisi nasi tunasema mambo yameenda kombo, na kombo ni kupinda. Tunamwita mtu mpotovu, na kupotoa ni kukipinda kitu kikaacha unyoofu wake. Tangu siku hiyo sijawahi kuisahau w ya "wrong".

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza: usiyakusanye maneno kwa alfabeti wala kwa orodha za "maneno 100 muhimu". Yakusanye kwa herufi zinazokusumbua, kila jozi ya herufi na ukurasa wake, kisha kaa uyatazame yanafanana nini.

Tuchukue kn. Hiyo k haikuwekwa kukutesa. Zamani Waingereza waliitamka, na ilianza kufifia kama karne ya 17. Wajerumani wanaitamka mpaka leo: goti lao ni "Knie", na k inasikika wazi. Sasa tazama ukurasa: "knot" ni fundo, "knuckle" ni kifundo cha kidole, "knob" ni kile kirungu cha mlango au cha redio, "knoll" ni kilima kidogo cha mviringo, "knee" ni goti. Vyote vimevimba, vimejikusanya. Mswahili angeviita fundo na vifundo akamaliza kazi. Hata "knit", kufuma sweta, inatoka nyumba moja na "knot", maana kufuma ni kupiga mafundo. Wakati wa kukariri nilikuwa nazitamka hizo herufi zilizokufa, kimoyomoyo: k-naifu, k-nii, w-risti. Mbele za watu usijaribu.

Lakini usiifanye hii kuwa sheria. "Knife" na "know" hazina uvimbe wowote. "Write" haikutokana na kusokota; asili yake ni kuchora kwa kukwaruza. Na "wright", unayoiona ndani ya "playwright", haihusiani na "write" hata kidogo, ingawa watu wengi, wakiwemo wenye shahada, huandika "playwrite". "Wright" ni fundi. Mwandishi wa tamthilia kwa Kiingereza ni fundi wa michezo, kama seremala alivyo fundi wa mbao. Nilipomweleza mjomba alifurahi sana, akasema basi hata yeye ni "wright".

Kuhusu gh sitasema mengi. Zamani ilikuwa sauti ya kooni, karibu na kh ya "kheri" anavyoitamka mzee wa Mombasa au Unguja. Ndiyo maana "night" kwa Kijerumani ni "Nacht" na "daughter" ni "Tochter". Kwa Waingereza sauti ikapotea katika maneno hayo, na katika mengine kama "laugh", "cough" na "enough" ikageuka f. Haya ya f ni machache, yakariri tu.

Na zipo herufi za kubandikwa. B ya "debt", yaani deni, haijawahi kutamkwa na Mwingereza yeyote. Neno lilikuja kutoka Kifaransa likiandikwa "dette", wasomi wakaichomeka b ili lifanane na "debitum" ya Kilatini. Hiyo nakuruhusu uichukie.

Ukurasa ninaoujaza sasa ni wa sn, na umejaa pua: "sniff" kunusa, "snore" kukoroma, "snort" kufoka kwa pua kama farasi, "snout" pua ndefu ya mnyama kama nguruwe, "snot" kamasi. "Sneeze", kupiga chafya, zamani ilianza na fn, kisha ikahamia kwa wenzake wa sn. "Snake" nimeiandika pembeni kwa penseli, haina uhusiano. "Snow" pia nimeiweka pembeni, ila binamu yangu aliyeko Minnesota, Marekani, anadai theluji na kamasi ni kitu kimoja.