Insta, sola na hita ya chumba: hesabu ampea kabla hujanunua swichi smati

Kama umemaliza kozi ya umeme juzi na mteja wako wa kwanza wa Kiamunyi ameona kwa simu ati swichi smati, ile ya kuwashwa na apu, inaweza washa maji ya kuoga mtu akiwa bado kwa matatu, tulia kwanza, usikimbie dukani. Zunguka hiyo nyumba ukihesabu kila kitu kinachopasha joto, juu nyumba zetu za Nakuru zimechanganya: tangi la sola kwa paa na koili ya stima ndani yake, insta shawa (ile inapasha maji yakipita) kwa bafu ya wageni, halafu Juni ikifika hita ya chumba, ile ya stima yenye mafuta ndani, inatolewa stoo inaenda chumba cha mtoto. Hivyo ni vitu vitatu na kila moja ina tabia yake, hakuna kidude kimoja kitavisimamia vyote hata muuzaji akikuapia. (Kisumu mko na bahati, huko hita ya chumba ni ya nini, mtaulizwa feni.)

Insta ilinifunza vibaya. Mwaka wangu wa pili nilimwekea mteja swichi smati ya ampea 16 kwa insta, apu ikashika vizuri, nikalipwa, nikatembea kifua mbele. Wiki mbili hazijaisha mama mwenye nyumba akanipigia, "Kijana, hii kitu yako inanuka plastiki." Kufungua, tamino, pale waya inafungwa, imekuwa nyeusi na kifuniko kimelegea kama mshumaa. Na hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi: insta ya wati 5,500 gawa kwa volti 240, ni karibu ampea 23, na swichi ilikuwa ya 16. Swichi na waya mpya nilinunua na pesa yangu, na nikaomba msamaha mara tatu.

Tena ukifikiria, insta haina haja ya usmati. Inavuta stima maji yakipita tu, ukifunga mfereji imezima yenyewe, sasa taima itaokoa nini? Mteja akikazana, weka kontakta ya ampea 40 (swichi nzito inayoamrishwa na swichi ndogo), swichi smati iamrishe kontakta peke yake, insta ibaki na waya yake nene, breka yake na athi yake. Mimi siku hizi namwambia tu aiache.

Pesa iko kwa tangi. Lita 200 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kwa stima tupu ni kama yuniti 9 za tokeni. Sasa angalia venye watu wanaishi: swichi ya koili imewashwa Januari haijawahi guswa, watu wanaoga saa kumi na mbili asubuhi, maji baridi yanaingia kwa tangi, thamostati (kidude kinachowasha na kuzima koili kulingana na joto la maji) inasikia baridi, koili inawaka hapo hapo, na jua likianza kupiga vizuri kama saa tatu linapata maji yashapata moto, halina kazi. Mtu amenunua sola na bado anaoga kwa tokeni, halafu anaambia majirani sola ni uongo!

Hapo ndio smati inajilipa. Tafuta swichi yenye sensa ya joto ya waya, ile unasukuma kwa kishimo cha sensa cha tangi, halafu ipange hivi: saa kumi alfajiri iangalie, kama maji yako chini ya nyuzi 45 koili iwake, saa kumi na mbili izime, na mchana isiwake kabisa, hiyo ni zamu ya jua. Siku za mawingu mwenyewe atabonyeza jioni. Mara moja kwa wiki iachwe ifike nyuzi 60, maji yakikaa vuguvugu siku nyingi yanafuga bakteria. Na thamostati ya koili usiitoe ati kwa sababu kuna apu, apu ikikwama hiyo ndiyo inazuia tangi kuchemka. Koili ya wati 1,500 ni ampea 6 na kidogo, relei ya ampea 16, ile swichi iliyo ndani ya swichi smati, inaiweza, lakini ikiwa ni 3,000 mimi naweka kontakta, ile harufu bado iko kwa pua yangu.

Kitu kingine, swichi smati nyingi zinataka nyutro, ile waya ya kurudisha stima. Kwa boksi za taa mara nyingi utaikosa, lakini swichi ya hita ya maji inakata laini (waya inayoleta stima) na nyutro zote mbili kwa hivyo hapo iko, usianze kuchimba ukuta wa watu bure.

Hita ya chumba, plagi smati inatosha kama imeandikwa ampea 13 kweli na hita ni ya kuzungusha kinobu. Ile ya kubonyeza vitufe, plagi ikirudisha stima inabaki imelala ikingoja kidole. Na usiruhusu iwashwe kutoka mbali, huwezi jua nani ameanika nepi juu yake.

Stima ikipotea ikarudi, mpangilio wa kila kidude uwe kurudi kikiwa kimezima, na ratiba ikae ndani ya kidude chenyewe si kwa intaneti, juu rauta pia huzimika. Halafu onyesha kila mtu kwa nyumba kitufe cha mkono. Kuna shosho Lanet alioga maji baridi siku tatu kwa sababu simu yenye apu ilikuwa Nairobi na mtoto wake.