Sanduku la Wasomaji: Plaid imeiacha C63 kwenye taa, je V8 ndio basi tena?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja juu ya jambo moja, sedani za petroli zenye nguvu na haya magari ya umeme. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana ndani yake kuna kila kitu ambacho wapenzi wa usukani wanabishania siku hizi.

SWALI: Assalaam alaykum kaka. Mimi niko Muscat, wazee wetu wametoka Unguja. Nina Mercedes C63 ya 2010, ile injini kubwa isiyo na turbo, nimekaa nayo muda mrefu na sijaichoka. Sasa kuna kijana wa mtaani kwetu kaleta Tesla Model S Plaid, tukakutana kwenye taa, ilivyowaka kijani yeye kashafika mbele huko mimi bado tairi za nyuma zinatafuta lami. Wanangu wananiambia baba hiyo gari peleka makumbusho. Kweli niuze nichukue ya umeme? Na inakuwaje gari nzito kuliko yangu iondoke vile?
Msomaji, Muscat

JIBU: Waalaykum salaam kaka. Tuanze na hilo la kuondoka. Injini yako ya V8, yaani silinda 8, ya lita 6.2 inatoa msukumo wake mkubwa ikifika mizunguko 5,000 kwa dakika, na nguvu zake za farasi 457 zinakamilika kwenye 6,800, kwa hiyo pale kwenye taa ukiwa umesimama bado haijaanza hata kuongea, inabidi ipande. Mota ya umeme msukumo wake wote uko pale pale ikiwa haijazunguka hata mara moja. Plaid ina mota 3, farasi 1,020, zinasukuma tairi zote 4, na kompyuta inaikamata tairi inayotaka kuteleza kabla dereva hajajua kama imeteleza, wakati wewe farasi zako zote zinapita kwenye tairi 2 za nyuma. Ndio maana uzito wake wa zaidi ya tani 2 na kilo 100 hauonekani mwanzoni. Hapo hukushindwa udereva kaka, hesabu tu ndio ilivyo, na hata ukirudia kila Ijumaa jibu litakuwa lile lile. Ila barabara ya watu wote sio mahali pa kupimana, kama hamu ipo tafuteni uwanja wa mashindano.

Sasa swali ambalo naliona zito zaidi: hiyo gari uliinunua kwa ajili ya taa? Sidhani. Mtu aliyechukua C63 ya aina ile alitaka injini inayoitika kwenye mguu, usukani unaokwambia tairi za mbele zinafanya nini, sauti inayopanda pamoja na mshale. Vitu hivyo Plaid haijavichukua, imechukua kimoja tu, spidi ya mstari ulionyooka, na hiyo spidi ndio kitu kilichoshuka bei kuliko vyote. Zamani kutoka kusimama mpaka kufika kilomita 100 kwa saa chini ya sekunde 4 ulihitaji gari ya kifahari kweli kweli, leo gari ya umeme ya kubebea familia na mizigo ya sokoni inafanya hivyo bila jasho. Kitu kikishapatikana kila kona hakiwezi tena kuwa kipimo cha gari nzuri, na mimi nawasihi wapenzi wa magari tuache kuoneshana hizo sekunde maana zinatupotosha.

Kipimo changu ni uzito. Ichukue hiyo C63 yako, kama tani 1 na robo tatu hivi, uipeleke ile barabara ya mlimani ya Bausher kwenda Amerat, halafu peleka gari ya tani 2 na zaidi barabara hiyo hiyo. Kwenye kona ya kwanza hutaona tofauti sana maana betri imelala chini kabisa sakafuni na gari haiyumbi, hilo lazima niwape haki yao. Lakini ukishazoea na ukaanza kuisukuma, kila kona breki zinasimamisha ule uzito wote, tairi zinaubeba, na kama ni uwanja wa mashindano betri nayo inapanda joto na kompyuta inaanza kukata nguvu ili isiungue. Gari ya kuendesha ni ile inayokupa kitu kile kile mzunguko wa sita kama wa kwanza.

Ila msije mkasema namchukia mtu wa umeme, maana Porsche wameonesha kwamba inawezekana. Mwaka 2023 gari yao ya umeme, Taycan Turbo GT, ilizunguka Nürburgring ya kaskazini, ile njia ya Ujerumani ya karibu kilomita 21 ambayo kila kiwanda kinakwenda kujipima, kwa dakika 7 na sekunde 7.55. Plaid yenyewe, tena ikiwa na breki za kauri za uwanjani, mwaka 2023 ilitumia dakika 7 na sekunde 25. Farasi za Plaid sio haba, na bado imeachwa karibu sekunde 18, na mimi naona nyingi ya hizo zinatoka kwenye breki, upozaji na jinsi chesisi ilivyotengenezwa. Kwa hiyo ukiamua kuonja umeme kaka, omba kuendesha Taycan kwanza, usukani wake utakuelewa.

Na jambo lingine ambalo wanao hawajakwambia. Hao wenye V8 nao hawajabaki pale pale. C63 mpya imetoka na injini ya silinda 4, lita 2.0, imesaidiwa na mota ya umeme, farasi 680 na uzito zaidi ya tani 2 na kilo 100. Farasi ni nyingi kuliko zako kwa mbali na bado watu waliolia ni wale wale wapenzi wa C63. BMW M5 mpya nayo, V8 imebaki lakini imebebeshwa betri na mota, farasi 727, uzito tani 2 na kilo 400 na zaidi, wakati M5 ya mwaka 1998 ilikuwa na farasi 400, gia za mkono, na tani 1 na kilo 700 na ushee. Tena angalia hii: kiwanda chenyewe kinasema M5 mpya inafika 100 kwa sekunde 3.5, na ile iliyotangulia yenye farasi 600 ilikuwa 3.4. Farasi 127 zimeongezwa na zote zimemezwa na uzito. Kwa hiyo ukiuza yako leo hata ukisema unarudi kwenye petroli, gari uliyouza haitengenezwi tena popote.

Usiuze. Ila itunze kweli kweli, injini za aina yako za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa bolti za silinda hedi kukatika, mpelekee fundi anayeijua injini hiyo akague kama zilishabadilishwa, na kwa joto la huko usicheze na rejeta wala oili. Kama nafasi ya gari ya pili ipo, chukua ya umeme ndogo ya kupelekea watoto shule na kukaa foleni, C63 iache kwa ajili ya mlima.

SWALI: Sasa mkubwa. Niko Nairobi naendesha Mark X ya 2.5. Kila nikiteremka Mombasa gari inachangamka, nikirudi huku inakuwa kama imelala. Fundi mmoja anasema ni plagi, mwingine anasema ni petroli ya huku. Beshte yangu ako na gari ya umeme anasema yake iko sawa kila mahali. Ni ukweli ama ni stori tu?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Ni ukweli mtupu na usimlipe fundi yeyote kwa hilo. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa huko ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi, na injini isiyo na turbo inavuta hewa kama ilivyo, hewa pungufu maana yake moto pungufu ndani ya silinda. Mark X yako ina farasi 200 na ushee ukiwa Mombasa, ukifika Nairobi kama farasi 30 zimebaki njiani. Wenye turbo wanaumia kidogo tu maana turbo inashindilia hewa, ingawa yenyewe inafanya kazi zaidi. Mota ya umeme haipumui kabisa, kwa hiyo beshte yako hadanganyi, na tena hewa nyepesi inampunguzia upinzani mbele. Mimi naona hili ndilo jambo linalofanya umeme uwe na maana sana kwa watu wa nyanda za juu, Nairobi, Nakuru, Eldoret, na ajabu ni kwamba wauzaji hawalisemi.

Akitoka Mombasa lakini ajipange. Kuipandisha tu gari ya tani 2 mita 1,700 ni karibu yuniti 9 za umeme, hiyo ni juu ya zile za kawaida za kilomita 480 za safari, kwa hiyo aliyeshuka na chaji ikabaki asidhani kurudi kutakuwa hivyo hivyo. Ila pale mnapotoka Nairobi kuteremka Mai Mahiu, kwenye Bonde la Ufa, yeye ndio anafaidi kweli, mota inageuka kuwa jenereta, inashika gari na kurudisha chaji, wakati malori yananuka breki.

SWALI: Habari, niko Ujerumani, nina sedani ya petroli na natembea sana Autobahn usiku. Wenzangu kazini wote wanahamia umeme. Kwa mtu anayekimbia kama mimi inafaa?
Msomaji, Ujerumani

JIBU: Kwa ukimbiaji huo bado petroli, au dizeli. Upinzani wa hewa unapanda kwa mraba wa spidi, ukitoka 130 kwenda 180 unakuwa karibu mara mbili, na betri inaisha ukiiangalia. Petroli nayo inaliwa sana lakini unajaza dakika 5 unaondoka. Taycan ya 2024 inaweza kutoka asilimia 10 mpaka 80 kwa dakika 18 ukipata chaja kubwa inayoendana nayo, na ina gia 2 nyuma kwa ajili ya spidi kama hizo, ila magari mengi ya umeme ya kawaida yanafungwa na viwanda kwenye 160 au 180. Kama unaweza kuishi na 130 hama leo, kimya chake usiku utakipenda.

SWALI: Mambo kaka, mimi ni dada wa Dar napenda kuendesha kupita kiasi, hizo M5 na Taycan naziona kwenye simu tu. Kwa hela ya kawaida nipate wapi raha hiyo?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Dada yangu tafuta Toyota Altezza RS200 ya gia za mkono. Zilitengenezwa 1998 mpaka 2005, injini ya silinda 4 lita 2.0, farasi 210 ambazo zinapatikana ukiipandisha mpaka 7,600, gia 6, inasukumwa na tairi za nyuma, na uzito wake haufiki tani 1 na nusu. Ndio sedani iliyofikiriwa kwa ajili ya dereva, ile Lexus IS ya kwanza ni gari hiyo hiyo kwa jina lingine. Nyingi mjini zimechoka au zimechezewa, kwa hiyo usidanganyike na rimu na eksozi ya kelele. Nenda na fundi wako asubuhi injini ikiwa ya baridi, muwashe mbele yenu, msikilize kama inagonga, muangalie moshi, jaribu gia ya pili kama inaingia bila kusaga, halafu muiinue mtazame chini kama iliwahi kugongwa. Ukiikosa ya RS200 chukua AS200, ile ya silinda 6, ni tulivu zaidi na farasi ni chache, ila usukani ni tamu vile vile.