Hujui C? Anza na nyaraka, mdogo wangu

Juzi mdogo wetu mmoja wa Moshi kaniandikia: "Shikamoo dada, natamani kuchangia kwenye databesi za programu huria ila lugha ya programu ya C siijui kabisa, nianzie wapi?" Marahaba. Anzia kwenye nyaraka, yaani maelezo ya matumizi yanayoandikwa pamoja na programu, na nalisema hilo kifua mbele maana wiki hii marekebisho yangu yamepokelewa kwenye mradi ninaoufuatilia. Ni aya moja tu, lakini ndiyo aya mtu anayoisoma usiku seva imegoma na bosi anapiga simu.

Kuna developa niliwahi kufanya naye kazi hapa Arusha, aliniambia mbele za watu kwamba kupitia nyaraka ni kusahihisha koma, wanaume wanaandika kodi (code, msimbo wa programu). Iliniuma na mpaka leo inaniuma. Haya, tuziangalie hizo koma.

Chukua PostgreSQL, databesi mojawapo ya programu huria. Kuna mteja ana duka la jumla pale Kilombero, diski ya seva ikajaa, kijana wake akafuta mauzo ya zamani kwa amri ya DELETE, akapiga VACUUM, amri ya kusafisha, kuangalia diski iko vilevile. Akachanganyikiwa. Kumbe DELETE haiiondoi rekodi hapohapo, inaiacha pale imekufa kwa sababu huenda kuna mwingine bado anaisoma, na VACUUM ya kawaida inasafisha ile nafasi ili jedwali lenyewe liitumie tena, mara nyingi hairudishi kitu kwenye mfumo endeshi. Akataka sasa apige VACUUM FULL. Hiyo nayo inaandika jedwali zima upya, kwa hiyo inataka nafasi ya ziada kwenye diski ambayo tayari imejaa, na inalifunga jedwali mpaka imalize, hata SELECT, amri ya kusoma tu, inakaa foleni. Saa nne asubuhi hiyo, wateja wamejaa dukani!

PostgreSQL wenyewe hayo yote wameyaandika. Ila mradi mwingine unaweza kuandika ukweli wote na bado msomaji akaumia, kwa sababu onyo limekaa chini ya mfano na yeye keshanakili amri akabonyeza Enter. Aya yangu ilikuwa hivyohivyo, nikalipandisha onyo juu ya amri, basi.

Kwa hiyo weka databesi kwenye laptopu yako, tengeneza jedwali la majaribio, fuata ukurasa neno kwa neno kama ulivyoandikwa. Usijaze pengo kwa uzoefu wako. Pale unapolazimika kukisia, hapo ndipo pana kasoro. Ukiwaandikia wenye mradi usiseme "haieleweki" halafu ukaondoka, waambie ulisoma nini, ulifanya nini, ukapata nini, na sentensi unayopendekeza uiweke hapohapo. Jambo moja kwa mara moja jamani.

Vijana wetu tunakimbilia kodi tupate sifa, nyaraka tunawaachia wengine, halafu tunalalamika tumeandikiwa vitu vigumu. Nani atatuandikia? Na kwenye PostgreSQL nyaraka zinakaa kwenye hazina (repository) moja na kodi, kwenye doc/src/sgml, zinapitiwa njia ileile. Huyo wa koma ajue hilo.

Wewe wa Moshi, anza na ukurasa wa CREATE INDEX, amri ya kulijengea jedwali faharasa. Jaribu chaguo lake la CONCURRENTLY, la kujenga faharasa bila kuwazuia wanaoandika kwenye jedwali, ndani ya transaksheni (kundi la amri zinazopita zote au zisipite kabisa), itakukatalia. Halafu rudi ukurasani uone hilo limeandikwa wapi, uniandikie kama ungeliona kabla.