Maswali ya Wazazi: Mtoto na Gari za 505

SWALI: Assalaam alaykum. Mwanangu wa kiume ana miaka minne na nusu, na tangu Ramadhani iliyopita kwake dunia nzima ni daladala. Anajua 502 inakwenda Bububu na 116 inakwenda Nungwi. Anapanga viatu vya wageni mlangoni viwe foleni ya gari, na nikimtoa dirishani analia mpaka anakohoa. Mwalimu wa chuo cha Kurani anasema akiambiwa asome, anaita abiria. Mama mkwe anataka nifiche vigari vyote mpaka asahau. Nifiche?
*Mama, Jang'ombe, Unguja*

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Usifiche. Mtoto wa umri huu hasahau kilichofichwa. Atakitafuta, atakiulizia kutwa, na vigari visipokuwapo viatu vitafanya kazi ileile, kama unavyoona mlangoni. Wala mwanao si peke yake: Judy DeLoache na wenzake, katika utafiti waliouchapisha Marekani mwaka 2007, waliona karibu theluthi moja ya watoto wadogo wana kitu kimoja wanachokipenda kupita kiasi, wavulana zaidi, na magari ni miongoni mwa vinavyopendwa sana.

Kinachowachosha nyumbani ni kwamba daladala haina saa wala mahali. Ipeni vyote viwili: nusu saa baada ya alasiri, dirishani au barazani, kila siku, hata siku aliyokorofisha. Nusu saa hiyo msiigeuze mshahara wala adhabu. Ukimwambia "usipomaliza wali huoni gari", keshokutwa chakula nacho kimekuwa vita, na wewe huna tena cha kumtulizia.

Kilio cha dirishani kinatokana na namna ya kumtoa. "Dakika tano" kwa mtoto wa miaka minne ni neno tupu. Mhesabie kwa anachokijua: "Gari tatu, halafu tunaingia ndani." Inua vidole vitatu, kunja kimoja kila gari ikipita, na ya tatu ikipita ondokeni, hata kama nyuma yake inakuja ile anayoipenda. Ukimwongezea ya nne mara moja tu, wiki nzima atadai ya nne. Kosa linalowaponza wengi ni kuhesabu gari za namba moja, tuseme 505 ya Uwanja wa Ndege. Ijumaa wakati wa sala gari hupungua njiani, mtasimama hapo mpaka wali uungue. Hesabuni gari yoyote ile. Kisha mpe cha kubeba, mkeka au mto, aupeleke ndani. Mikono ikiwa na kazi, miguu hufuata. Siku mbili tatu za mwanzo kilio huweza hata kuongezeka, maana anapima kama mnayosema ni kweli.

Sasa itumieni shauku yenyewe. Kata boksi la sabuni vipande sita vya ukubwa wa kiganja. Upande mmoja andika namba kwa kalamu nene, upande wa pili jina la mwisho wa safari: 116 Nungwi, 206 Chwaka, 309 Jambiani, 310 Makunduchi, 502 Bububu, 505 Uwanja wa Ndege. Kwanza aone namba ataje mahali. Akiwa hakosei tena, geuza: aone jina atafute namba. Hapo ndipo kusoma maneno kunapoanza. Baadaye azipange kwa tarakimu ya kwanza: moja ni kaskazini mwa Unguja, mbili mashariki, tatu kusini, tano mjini na pembezoni mwake. Watu wazima wengi hupanda gari hizi miaka bila kuuona mpangilio huo. Yeye huenda ameshauona.

Kadi haziwezi kumfundisha kuzungumza na mwenzake, na hapo ndipo watoto wa namna hii hukwama: hueleza sana, husikiliza kidogo. Pangeni viti vinne, yeye awe konda, mwengine awe abiria. Konda lazima aulize "Unashuka wapi?" na angoje jibu. Siku ya tatu abiria asahau nauli, au gari ipate pancha Mtoni. Akikasirika kwa kuwa mchezo umebadilika, rudini mlipokuwa, kisha badilisheni jambo moja tu kwa siku.

Chuoni, mwombeni mwalimu amkalishe mgongo ukielekea barabarani. Pia juzuu ya Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani, ina sura za 78 hadi 114, na mtoto anayeijua 101 ya Mkokotoni atafurahi kusikia kuwa Al-Qaari'a nayo ni ya 101, na Al-Ikhlas ni ya 112. Mwalimu amwonyeshe namba, aanzie hapo. Ishieni kwenye namba. Kuyafanya majina ya sura kuwa vituo vya gari hakufai, na mtampoteza mwalimu.

SWALI: Mjukuu wangu wa kiume ana miaka miwili na miezi tisa. Anapenda vinavyozunguka: feni, gurudumu la baiskeli, mfuniko wa sufuria. Alikuwa akisema "maji" na "baba", sasa kimya. Ukimwita hageuki. Majirani wanasema ana shetani.
*Bibi, Wete*

JIBU: Shikamoo bibi. Barua yako haifanani na ya Jang'ombe, na isingoje. Kupenda feni peke yake hakutuambii kitu. Kinachotushughulisha ni maneno yaliyokuwapo yakapotea, na kutogeuka akiitwa. Huenda ni masikio, huenda ni usonji (autism), huenda ni jengine. Hayo haamui mwandishi wa gazeti wala jirani.

Anzeni na kipimo cha masikio, kwa sababu mtoto asiyesikia naye hageuki, na maneno yake hukauka. Nendeni hospitali ya Wete, mwombe apimwe kusikia na aangaliwe ukuaji wake, au apewe rufaa. Chukueni kadi ya kliniki, na karatasi yenye umri alipoanza kusema, maneno gani, na lini yalikoma. Chukueni pia video mbili za simu, dakika moja kila moja: akicheza peke yake, na mkimwita kwa nyuma bila kumgusa. Mbele ya daktari anaweza kulala au kulia, na hapo video ndiyo itakayosema. Mkijibiwa kuwa wavulana huchelewa, ulizeni kama kupoteza maneno nako ni kuchelewa. Kisomo na dua havizuiliki, ila visichukue zamu ya kipimo.

Wakati mnangoja, feni hiyohiyo ni mlango. Kaa chini, uso wako ukabiliane na wake, mkono kwenye swichi. Sema "washa", hesabu kimoyomoyo hadi tano. Akikutazama au akitoa sauti yoyote, washa hapohapo. Asipofanya kitu, washa vilevile ukirudia neno. Fanyeni mara chache kila siku. Feni yenyewe ipandishwe asipoifikia, maana vidole vya umri huo hupita katikati ya vyuma vya kinga.

SWALI: Binti yangu wa miaka sita alikuwa hana habari ila kasa. Tumemnunulia vitabu na fulana, tumempeleka bwawa la Mnarani mara nne. Tangu aanze skuli hawataji. Tumekosea wapi?
*Baba, Nungwi*

JIBU: Hamkukosea. Shauku hizi mara nyingi hupungua mtoto akianza skuli: muda wa kukaa na jambo moja unakwisha, na wenzake wana michezo yao. Aliyokwishajua, kwamba kasa hupumua kwa mapafu na hupanda pwani kutaga, atakutana nayo tena darasani. Msimlazimishe, wala msimhesabie gharama mbele ya wageni. Vitabu viwekeni anapofikia. Akija na shauku mpya, azimeni kwanza, mnunue baada ya miezi mitatu. Fulana ikimbana, mpeni mdogo wake.