Askari wa Kirumi atukane vipi?

Ndugu uliyeuliza askari wa Kirumi katika hadithi yako atukane vipi bila kusikika kama kijana wa leo, nami nilikwama hapo hapo. Katika rasimu ya kwanza askari wangu walisema kama wahubiri. Katika ya pili nikawapa matusi ya siku hizi, na aliyenisomea akasema kila tusi linamtoa Roma na kumrudisha nyumbani kwake.

Nilipona nilipoanza kujiuliza: huyu mtu anaogopa aibu gani? Chukua tusi la Kilatini "furcifer". Ni rahisi kulifanya "mshenzi wewe", lakini linamtaja mtumwa aliyetwishwa mti wenye panda shingoni kwa adhabu. Vivyo hivyo "nenda msalabani". Sisi tunawaza kanisa. Mrumi aliwaza wafuasi wapatao 6,000 wa Spartacus, kiongozi wa uasi wa watumwa, waliotundikwa misalabani kando ya barabara ya Via Appia mwaka 71 KK. Nilipolielewa hilo niliandika upya ukurasa mzima: bwana anamwambia mtumwa wake mpishi, "Msalaba unakungoja." Mpishi hajibu, anaendelea kupara samaki, ila kisu kinamteleza na kumkata kidole. Maneno hayo hayo mlevi akimwambia mlevi mwenzake, wote raia huru, ni utani tu. Uzito uko kwa anayetukanwa.

Ila usiwasafishe mno. Octavian, ambaye baadaye alikuwa Kaisari Augusto, alipouzingira mji wa Perusia huko Italia, mwaka 41 hadi 40 KK, pande zote mbili zilirushiana kwa kombeo vidonge vya madini ya risasi, vimeandikwa maneno. Kimoja kinamcheka Lucius Antonius, kamanda aliyezingirwa mjini, kwa upara wake. Vingine vinatangaza kwamba vinaelekea kwenye makalio ya Octavian na sehemu za siri za Fulvia, shemeji yake Lucius, kwa matusi ya nguoni kabisa. Basi kambini matusi ya mwili ruksa. Mimi hukitaja kiungo kwa jina lake la Kiswahili, bila misimu ya vijana, maana misimu huchuja upesi.

Na viapo usivichanganye: wanaume waliapa kwa Hercules, wanawake kwa Castor, wote wawili miungu ya Warumi. Mhusika wako mwanamke akiapa kwa Hercules, waliomzunguka washtuke.

Kilatini chenyewe nilibakiza neno moja tu katika hadithi nzima, analolisema mzee mmoja kila akikaa chini.