Gary Clark Jr.: anza na ya jukwaani, za studio zitakufuata zenyewe

Mleta uzi anasema ameisikiliza mara mbili Blak and Blu, albamu ya Gary Clark Jr., mpiga gitaa na mwimbaji wa Marekani anayesifiwa kwa blues, ule muziki wa zamani wa Wamarekani weusi; akasikia RnB, akasikia roki, akasikia hadi midundo ya hip hop, blues akaiona kwa mbali kama mtumbwi unaotoka Msangamkuu. Anauliza: huyu Gary Clark Jr. ndiye mnayemsifia hivyo? Na aanze na albamu ipi? Mdau mmoja akamjibu kwa mkato kwamba jamaa hana kitu, anarefusha tu nyimbo jukwaani kutafuta sifa. Hilo jibu ndilo limeninyima usingizi, maana na mimi niliwahi kurefusha wimbo jukwaani na najua kilichonipata.

Niseme kwanza mimi ni nani. Mchana nauza vipuri vya pikipiki hapa Mtwara mjini. Ijumaa na Jumamosi ni mpiga solo wa bendi ya watu watano, tunapiga kwenye baa moja ya Shangani, upande wa baharini. Nyimbo zetu ni za wazee: Mbaraka Mwinshehe, Sikinde, Msondo, na rumba za Kongo watu wakishachangamka. Blues hakuna anayetuomba. Blues ni ugonjwa wangu binafsi.

Niliupata miaka ile bomba la gesi la kwenda Dar linajengwa, mji umejaa mafundi wa nje. Mmoja alikuja dukani kutafuta plagi, akanikuta nacharaza gitaa la mbao lenye nyuzi tano (wa sita ulikatika, na nyuzi hapa mpaka umwagize mtu Kariakoo). Akacheka. Siku ya pili akaniletea flashi. Ndani mlikuwa na makorokoro mengi, lakini folda moja ilikuwa na nyimbo 15 zisizo na majina, ni namba tupu. Ile ya kwanza gitaa lake zito, linaburuza mguu, na mwimbaji anaimba kama mtu aliyetoka kubeba magunia ya korosho. Nikajua huyu ni mzee wa miaka 70 wa huko Mississippi, labda ameshatangulia mbele ya haki. Wiki kadhaa baadaye ndiyo nikaja kuambiwa ni kijana wa Austin, Texas, aliyezaliwa 1984, na nilichokuwa nasikiliza ni Gary Clark Jr. Live ya 2014, iliyorekodiwa akiwa ziarani. Wimbo wenyewe, Catfish Blues, ndio ulikuwa wa wazee. Aliyeushika alikuwa mdogo kwangu.

Kwa hiyo mkuu, jibu langu ni fupi: iache Blak and Blu ipumzike, chukua hiyo ya 2014.

Masikio yako hayajakosea lakini. Blak and Blu ilitoka 2012, albamu yake ya kwanza chini ya kampuni kubwa, Warner, na mmoja wa watayarishaji wake, Mike Elizondo, ni mtu aliyefanya kazi nyingi na Dr. Dre, mtayarishaji mkubwa wa hip hop. Ukisikia harufu ya hip hop ujue haikuingia kwa bahati mbaya. Gary mwenyewe hajawahi kuficha kwamba anaipenda. Tatizo langu na albamu ile ni kwamba kila wimbo umevaa nguo yake, mmoja suti, mwingine kanzu, mwingine bukta, na mwenye nguo humwoni. Ukija kwenye ile ya jukwaani, nyimbo nyingi ni zilezile, ila zote zinapigwa na watu wanne walewale wenye vyombo vilevile. Hapo ndipo unamwona mtu.

Chukua When My Train Pulls In. Ipo kwenye albamu zote mbili, na ndiyo nadhani mdau alikuwa anailaumu kwa urefu. Naomba uisikilize mara moja bila kumfuata Gary kabisa. Mfuate yule wa gitaa la pili, anaitwa Eric Zapata, wamezoea kumwita King. Halafu besi ya Johnny Bradley na dramu za Johnny Radelat. Gary anapoondoka kwenda kwenye solo, anapiga kelele, analivuta gitaa mpaka linalia kama mbuzi, wale watatu hawamkimbilii. Wanabaki palepale. Wanaongeza nguvu kidogo kidogo, kama mtu anayechochea kuni, lakini mwendo haubadiliki. Ndiyo maana dakika zinapita na hujachoka.

Hili sikulijua kwa kusoma. Mwaka mmoja, msimu wa korosho, watu wana hela, baa imejaa, nikaamua leo nawapelekea Mtwara blues. Nilikuwa nimenunua pedali ya kukwaruza sauti, ya Kichina, inayonguruma hata kabla hujagusa waya. Tukaanza vizuri. Nikaingia kwenye solo, nikafumba macho, nikaona leo ndiyo leo. Kumbe kijana wetu wa besi naye amesisimka, ananifuata kila ninapopanda. Wa dramu akaona besi inakimbia, naye akakimbia. Baada ya dakika tatu hakuna aliyebaki nyumbani, watu watano tunapiga solo tano. Nikafumbua macho na kukuta wachezaji wamerudi kukaa, na jamaa mmoja wa meza ya mbele, ana mshikaki mkononi, ananiuliza kwa sauti ya upole kabisa: "Fundi, hilo gitaa bado linatengenezwa au ndiyo wimbo wenyewe?"

Nilitaka bahari ihamie ukumbini.

Mzee wetu wa rizimu, yaani gitaa la pili, aliyewahi kupigia bendi za mashirika ya umma enzi zile, hakusema kitu usiku ule. Kesho yake tunabeba spika ndiyo akaniambia, "Mwanangu, wewe ukitoka kwenda kutembea, lazima abaki mtu wa kufunga mlango." Nikarudi nyumbani, nikaiweka tena ile folda, na kwa mara ya kwanza nikamsikia King Zapata. Miaka yote hiyo alikuwepo na sikuwa nimemsikia.

Na ukifikiri vizuri, sisi hili tunalo. Sikiliza Mbaraka na Morogoro Jazz: solo inaongea, inabishana na mwimbaji, inatania, lakini rizimu chini yake haitingishiki hata kidogo. Wimbo ukifika kwenye chemko, watu wanacheza kwa sababu ya wale wasiosifiwa. Tofauti ni kwamba dansi likichemka linaongeza kasi, blues ya Gary inachemka ikiwa imesimama. Ndiyo maana mtu aliyezoea dansi anaweza kuona hakuna kinachotokea. Kinatokea, ila miguu haitakwambia.

Kuna jambo la gitaa lenyewe pia. Kwa miaka mingi amekuwa akipiga Epiphone Casino. Kwa asiyejua, gitaa lile tumbo lake ni tupu, halina ubao katikati kama magitaa mengine yanayofanana nalo kwa sura. Ukilifungulia sauti kubwa karibu na spika, mbao zinatikisika na gitaa linaanza kupiga mluzi lenyewe. Wapigaji wengi wanaukimbia huo mluzi. Yeye anausogelea. Tafuta video zake uangalie miguu badala ya vidole: anasogea hatua moja kwenye amplifaya, noti iliyokuwa inakufa inafufuka, anarudi hatua moja, inanyamaza. Studio wanaweza kukurekodia hiyo sauti, ila huoni kwamba mtu anaicheza kwa miguu.

Video ya kuanzia ni ya Crossroads, Juni 2010, tamasha la mpiga gitaa Eric Clapton lililofanyika Bridgeview, pembeni ya Chicago. Gary ana miaka 26, wengi uwanjani hawamjui, anapiga wimbo wake Bright Lights kama vile anadaiwa. Tamasha lile ndilo lililomtoa. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa Austin, amekulia kwenye klabu ya Antone's, ile iliyofunguliwa 1975 na kupitiwa na wakongwe wa blues. Alianza kupanda jukwaani akiwa bado kijana wa shule. Februari 2012 akawa Ikulu ya Marekani, mbele ya Obama, kwenye usiku wa blues ambao wakongwe B.B. King na Buddy Guy nao walikuwepo. Mimi video zote hizi nimeziona kwenye kioo cha simu chenye ufa, kwa bando la usiku. Sijamwona kwa macho. Kwa hiyo wadau mliomwona mkija na mengine mtanisahihisha.

Za studio nyingine nipite haraka. The Story of Sonny Boy Slim, 2015, aliitayarisha mwenyewe na kupiga vyombo vingi mwenyewe. Ni tamu, ni laini, ya kusikiliza Jumapili unafua. Live/North America 2016, iliyotoka 2017, ni ya jukwaani pia lakini nyimbo nyingi ni za Sonny Boy Slim. Ni nzuri, ila kama una bando la albamu moja tu rudi kwenye ile ya 2014.

This Land ya 2019 hiyo siipiti haraka. Gary alikuwa na shamba la ekari 50 nje ya Austin. Jirani akaja kumuuliza hapa ni kwa nani, akaambiwa ni kwangu, akakataa kuamini kwamba mtu mweusi anaweza kumiliki pale. Na mtoto wa Gary yupo anasikia. Wimbo uliobeba jina la albamu umetoka kwenye hasira hiyo, na ukiusikiliza huhitaji Kiingereza kujua kuna mtu ameudhiwa nyumbani kwake. Mjomba wangu kule Newala, ambaye muziki wake ni kaswida na taarifa ya habari, nilimsimulia kisa hicho akaacha kubangua korosho. "Aulizwe shamba la nani, kwenye shamba lake?" Kusini hapa mtu anaweza kukusamehe mambo mengi, lakini si kuulizwa mikorosho yako ni ya nani. Mwaka 2020 This Land ilichukua tuzo tatu za Grammy, zile tuzo kubwa za muziki za Marekani: wimbo bora wa roki, utumbuizaji bora wa roki, na albamu bora ya blues ya kisasa. Mbili za roki, moja ya blues. Mleta uzi, unaona hata wenyewe wa Grammy hawajui wamweke kwenye kapu gani.

Ya mwisho ni JPEG RAW, Machi 2024. Nilikuwa nimeipania kuiponda, kwa sababu niliona orodha ya wageni waalikwa, wakongwe kama Stevie Wonder na George Clinton, nikasema tayari, harusi imekuwa kubwa kuliko bwana harusi. Niliipakua kwenye simu na kuisahau. Mwanzoni mwa Mei nikapanda basi kwenda Dar kufuata vipuri, Kimbunga Hidaya kikaja, mvua ikakata barabara huko mbele Somanga, tukalala Nangurukuru usiku mbili ndani ya basi. Sikuwa na kingine cha kusikiliza.

Wimbo wa kwanza kwenye albamu hiyo unaitwa Maktub. Mzee wa kando yangu, mwenye kofia ya kiua, ameona jina kwenye kioo cha simu, akaniuliza, "Kijana, hiyo ni kaswida ya wapi?"

"Si kaswida mzee wangu, ni Mmarekani."

"Mmarekani anajua maktubu?"

Akanieleza kwamba ni yaliyokwisha kuandikwa, na kwamba kitabu, katibu na maktaba vyote vimetoka mlango huohuo, halafu akaongeza kuwa sisi tumeandikiwa Nangurukuru. Waliokaa karibu wote wakacheka. Nikampa upande mmoja wa spika ya sikioni. Akasikiliza mpaka mwisho, ametulia, kidole kinagonga goti. Lile gitaa linazunguka palepale kama magitaa ya watu wa Mali, halina haraka ya kufika. Akanirudishia. "Kinanda kizuri," akasema, "ila huyo bwana ana kelele."

Sina hukumu nzuri zaidi ya hiyo kwa albamu nzima. Kuna nyimbo mbili naziruka mpaka leo. Lakini Maktub ndiyo mara ya kwanza studio yake imenipa kile nilichokuwa nakipata jukwaani: watu waliokaa sehemu moja na hawana wasiwasi.

Kwa hiyo mdau wa urefu, nakuomba urudie When My Train Pulls In ya 2014, umfuate King Zapata tangu mwanzo mpaka mwisho, halafu uje useme tena hapa. Mimi Ijumaa hii najaribu kuupiga pale Shangani, mara ya kwanza tangu siku ya mshikaki. Pedali nimeiacha nyumbani, na yule kijana wa besi mzee ameshamwambia atamkalia pembeni.